Umepunguzwa kazi Unguja au Pemba: uuze nyumba ya familia ukasafiri? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyepunguzwa hotelini, benki au kwenye mradi uliokwisha, ambaye wazo la kuuza nyumba na kusafiri mwaka mmoja au miwili limeshamkaa kichwani. Rai yetu tunaitaja mapema: katika miezi sita ya mwanzo nyumba isiuzwe. Muda huo ni wa kudai stahiki, kujua nyumba ni ya nani hasa, na kujaribu safari bila kukata mzizi.

Nimepewa barua wiki hii. Nianze na dalali?

Dalali muache kwanza. Anza na karatasi nne: barua yenyewe ya kupunguzwa yenye tarehe na sababu, hesabu ya stahiki iliyochambuliwa mstari kwa mstari (mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya notisi, likizo ambayo hukuichukua, na kiinua mgongo au fidia kama ilivyo kwenye mkataba), taarifa ya michango yako kutoka Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF), na cheti cha utumishi.

Taarifa ya ZSSF ndiyo watu huiruka. Mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara na mwajiri huongeza yake, lakini hati ya mshahara inaonesha tu kwamba ulikatwa. Haioneshi kama fedha ilifika. Chukua taarifa ya michango, iweke pembeni ya hati zako za mshahara, tia alama miezi isiyolingana, na idai wakati mwajiri bado yupo na ofisi yake iko wazi. Hoteli ikishabadilisha mmiliki, kumpata wa kumdai ni kazi nyengine.

Usisaini karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai mpaka uione hesabu. Na usitumie hesabu ya siku saba za mshahara kwa kila mwaka, hadi miaka kumi, unayoikuta mitandaoni: hiyo ni ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, sheria ya Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na malalamiko hupelekwa Kamisheni ya Kazi, si kwa tume ya Bara.

Je, fedha za kupunguzwa zinatosha kusafiri bila kugusa nyumba?

Toa kwanza visivyo vyako. Kama ulikopa benki kwa dhamana ya mshahara, soma barua ambayo mwajiri aliisaini wakati ule. Mara nyingi aliahidi kupitisha malipo yako ya mwisho benki. Watu hupiga hesabu ya milioni 14, halafu zikaingia 6.

Kisha tenga matumizi ya nyumbani ya miezi sita. Nyumba inayotumia shilingi 900,000 kwa mwezi inahitaji 5,400,000 zisizoguswa. Kinachobaki ndicho cha safari. Kikitosha miezi miwili, safiri miezi miwili. Safari haina haja ya kuwa ya mwaka mzima ili ihesabike.

"Nyumba yetu" ni ya nani hasa?

Hapa ndipo mipango mingi husimama, na ni bora isimame hapa kuliko mbele ya kadhi. Aliyeishi miaka thelathini ndani ya nyumba ya baba huiita yake, na jirani humwita mwenye nyumba. Sheria na mirathi haziangalii hilo.

Chukua nyumba ya marehemu baba aliyeacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu, na wazazi wake walishatangulia. Baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi, mke ana thumuni (sehemu moja ya nane). Zinabaki thumuni saba; mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke, kwa hiyo kila binti ana thumuni moja na kila kijana thumuni mbili. Nyumba ikiuzwa milioni 80, mama anachukua 10, kila binti 10, kila kijana 20. Wewe uliyepunguzwa kazi na unayetaka kuuza "nyumba yetu" kwa milioni 80 una milioni 20, kabla ya gharama. Piga hesabu ya safari kwa hizo 20.

Kama mirathi haijagawiwa rasmi, huna cha kuuza kwa sasa. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama ya kadhi mukiwa na cheti cha kifo na orodha kamili ya warithi. Kamili maana yake kamili: mke wa pili aliyeko Pemba, na mtoto wa nje ya kisiwa ambaye hajaonekana tangu harusi ya nani sijui. Mrithi aliyeachwa akitokea baada ya mauzo, mnunuzi ataingia mahakamani na jina lako litakuwa la kwanza kwenye kesi.

Kuna aina nyengine za umiliki zinazohitaji jibu fupi:

Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mji Mkongwe zipo nyingi, na baadhi ya wanaokaa humo hawajui. Uliza Kamisheni ya Wakfu kabla ya kutangaza bei.

Shamba la eka tatu, lile lililogawiwa baada ya Mapinduzi kuanzia 1965, lilitolewa kwa kutumia na kurithishana. Halikutolewa kwa kuuza wala kukatwa vipande. Watu wanaviuza hata hivyo, kwa karatasi ya mkono, na ndivyo vinavyojaza faili za Mahakama ya Ardhi.

Nyumba ya mume na mke: hata kama hati ina jina moja, mwenza asaini mkataba wa mauzo. Kama mke alitia mchango wake kwenye ujenzi, uandikwe sasa, kwa kiasi.

Ndugu mmoja hataki kuuza. Tunaweza kuuza mafungu yetu?

Fungu lililokwisha kujulikana linaweza kuuzwa, lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi visiwani, mshirika ana haki ya shufaa: ana haki ya kulichukua fungu kwa bei ile ile aliyotoa mgeni. Kwa hiyo mpelekee yeye kwanza, kwa maandishi, ukitaja bei na muda wa kujibu. Jirani asiye mshirika hana haki hiyo kwa Shafi, hata akisema anayo.

Kwa vitendo, mnunuzi wa nje wa fungu moja la nyumba yenye mama mzee ndani yake atakupa bei ya chini sana. Njia nzuri zaidi ni ndugu wenye kipato kukununua kwa awamu, au nyumba ikodishwe na kodi igawiwe kwa mafungu yale yale.

Ardhi yote ni ya Serikali. Sasa tunauza nini?

Chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 ardhi ni ya umma na iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Unachouza ni haki ya matumizi ya ardhi pamoja na kilichomo juu yake. Ndiyo maana mkataba utaje vilivyomo: nyumba, kisima, tangi, uzio, na miti. Pemba hasa, mikarafuu na minazi ihesabiwe na kuandikwa idadi. Mkarafuu uliopandwa na babu upande wa mama unaweza kuwa na mwenyewe mwengine kabisa kuliko kiwanja.

Hatua za kuuza ni zipi, kwa mpangilio?

Kwanza hakikisha hati inalingana na ardhi. Kama eneo halijapimwa, lipimwe na mipaka ishuhudiwe na majirani. Karatasi ya sheha inathibitisha kwamba unajulikana hapo, haithibitishi umiliki. Pili, tafuta kwa Mrajis wa Ardhi, Kamisheni ya Ardhi, kama kuna rehani, zuio la mahakama au jina la mtu mwengine. Tatu, mwanasheria aandike mkataba wenye majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, mipaka minne, bei, tarehe za malipo, na nani anabeba madeni ya umeme na maji. Nne, uhamisho upite Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi. Sheria ya 1994 inataka hivyo, na mauzo yaliyofanywa kwa mkono tu hayamhamishii mnunuzi kitu. Tano, lipa kodi na ushuru wa stempu, ndipo hati ibadilishwe jina.

Kinachoharibu mambo zaidi ya chengine chochote ni malipo ya nusu nusu. Mnunuzi anatoa arubuni (malipo ya awali), anapewa funguo "apige rangi", anahamia, halafu awamu ya tatu haiji. Kumtoa ni miaka. Funguo na hati halisi zitoke siku fedha yote imeingia benki. Arubuni iwe na masharti yaliyoandikwa: ni kiasi gani, inarudi lini, inapotea lini. Na dalali alipwe na upande uliokubaliwa, siku ya kukamilisha, si siku ya kuleta mteja kuangalia.

Kodi ya mauzo ni kiasi gani?

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo sehemu hii inakwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na ushuru wa stempu unakwenda Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Mkaazi hulipa asilimia 10 ya faida; asiye mkaazi hulipa zaidi. Faida ni bei ya kuuza ukitoa gharama ya kununua, kujenga na kuendeleza.

Nyumba unayoishi mwenyewe ina msamaha ukiwa umeimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi na umeishi humo jumla ya miaka mitatu, mradi faida haizidi shilingi milioni 15. Ikizidi, msamaha huondoka. Umejenga Fuoni kwa milioni 60 ukauza kwa 110: faida ni 50, kodi ni milioni 5. Lakini hiyo 60 ithibitishwe. Risiti za matofali, bati, nondo na fundi ulizozitupa mwaka 2014 ndizo zilizokuwa zikipunguza kodi yako.

Wapo watakaokushauri uandike bei ndogo kwenye mkataba. Mbali na kuwa ni kosa, mnunuzi akigoma kumalizia, mahakama itaangalia bei iliyoandikwa.

Angalia pia muda: ukishahama na kukaa nje mpaka ukawa si mkaazi kwa kodi, kiwango hupanda. Anayeuza kutoka Maskat au London kupitia ndugu hukutana na hili akiwa ameshapokea arubuni.

Mgeni anatoa bei kubwa kwa dola na anataka jina la Mzanzibari liwekwe badala yake.

Kataa. Haki ya kumiliki ardhi ni ya Mzanzibari. Mgeni hupata ukodishwaji wa muda maalumu kwa njia rasmi, kwa kawaida kupitia uwekezaji. Mpango wa jina la kuazima haumlindi yeye wala wewe. Halafu tangu Machi 2025 kanuni za Benki Kuu zimekataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mkataba uandikwe kwa shilingi.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe inavuja. Si bora kuiuza kabla haijaanguka?

Ikiwa bei unayopewa ni ya "nyumba inayoanguka", kwanza jua kama kweli inaanguka. Kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake hauvuki sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba ni vyembamba na virefu. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa plasta ya saruji hauwezi kuutoa. Maji hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, chokaa hugeuka unga, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza mahali usipopaona.

Jaribio ni rahisi. Chukua kisu chembamba, panda ngazi, choma boriti pale inapoingia ukutani. Kikiingia sentimita moja au mbili kwa ulaini, boriti hiyo ibadilishwe. Kikigonga mti mgumu, tatizo liko juu: mfereji wa maji ya mvua umeziba, bati limetoboka, au bomba la choo cha juu linavuja. Hayo hurekebishwa kwa sehemu ndogo ya hasara utakayopata ukiuza kwa hofu. Plasta mpya iwe ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga usio wa pwani. Matengenezo yoyote, hata dirisha, yanataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo lote ni Urithi wa Dunia tangu 2000. Mnunuzi makini atakiuliza kibali hicho.

Tukikodisha badala ya kuuza, inakuwaje?

Kwa walio wengi hili ndilo jibu. Desturi ya kodi ya miezi sita au mwaka mbele inakupa tiketi na miezi ya mwanzo ya safari kwa mkupuo mmoja, na nyumba inabaki.

Tatizo la kodi ya mbele ni kwamba huliwa yote mbele. Kodi ya 350,000 kwa mwezi, ikilipwa mwaka, ni 4,200,000. Weka kando angalau mwezi mmoja na nusu wake kwa pampu iliyoungua, bati na fundi bomba. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, anapaswa kukukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kukupa cheti chake, basi usipange kwa jumla nzima.

Mkataba utaje idadi ya wakaazi, marufuku ya kumkodishia mwengine, nani analipa maji, na notisi ya kutoka. Piga picha kila chumba siku ya kukabidhi, pamoja na namba ya mita ya umeme. Chumba kimoja kifungwe na vitu vyenu. Hati ya nyumba isibaki humo.

Kukodisha kwa watalii kunaleta zaidi Juni hadi Oktoba na mwisho wa mwaka, lakini kunataka leseni kutoka Kamisheni ya Utalii, mtu wa kusafisha kila siku, na moyo wa kuvumilia masika ambapo vitanda hukaa vitupu. Mwenye nyumba akiwa safarini, kwa maoni yetu mpangaji mmoja wa mwaka ana faida kuliko wageni arobaini.

Na tukiifunga tu?

Miezi mitatu, sawa, kama kuna mtu wa kufungua madirisha kila wiki. Zaidi ya hapo unyevu, mchwa na popo wataingia kabla yako. Nyumba tupu pia huvutia jamaa wa "nikae kidogo tu".

Kuuza nyumba kutanisaidia kupata viza kwa kuwa nitakuwa na fedha?

Mara nyingi inakuwa kinyume. Afisa wa viza anauliza swali moja kwa njia nyingi: utarudi? Majibu ya kawaida ni kazi, nyumba na familia. Kazi imekwenda, ukiuza na nyumba, unabaki na fedha na tiketi, na hiyo ndiyo sura ya mtu anayehama.

Fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki tatu kabla ya ombi nazo hutiliwa shaka, basi ambatanisha mkataba wa mauzo. Viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90 tangu Juni 2024, hairudi ukikataliwa, na inataka bima ya safari isiyopungua yuro 30,000 na pasipoti yenye miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka. Nchi nyengine nyingi hutaka sita. Viza ya Schengen inaruhusu siku 90 katika kila siku 180, kwa hiyo "mwaka Ulaya" kwa viza ya matembezi haupo. Anza na Kenya, Uganda na Rwanda, ambako hakuna viza kwetu, ujue kama kuishi na begi unakuweza.

Tukishauza, fedha ikae wapi, na zaka je?

Nyumba unayoishi haina zaka. Fedha yake ina: ikifikia nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, ni asilimia 2.5. Milioni 80 zilizokaa mwaka zinatolewa milioni 2. Watu huliacha hili nje ya bajeti.

Gawanya siku ile ile: fungu la kurudi na kupata makaazi liende kwenye akaunti ya muda maalumu isiyo na kadi, wasiotaka riba wana huduma za Kiislamu za Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) na benki nyengine. Ukibeba taslimu za dola 10,000 au zaidi mpakani lazima utoe taarifa. Na laini ya simu: isiyotumika kwa miezi hufungwa, nayo ndiyo inayopokea namba za siri za benki. Washa huduma ya nje ya nchi kabla ya kupanda ndege, na itumie kila mwezi.

Watoto wa skuli na wazazi wazee?

Mzazi mzee asihamishwe nyumba kwa sababu ya safari ya mwanawe; hapo hatuna maelezo zaidi. Watoto wahamishwe mwisho wa mwaka wa masomo, na barua ya uhamisho ichukuliwe mapema.

Lini basi kuuza ni sahihi?

Nyumba inapokuwa yako peke yako na hati safi. Inapokuwa kubwa kuliko mahitaji na bei yake inanunua ndogo pengine, tuseme kutoka Mazizini kwenda Fuoni, huku ziada ikilipia safari. Au warithi wote wanapotaka mafungu yao. Kigezo chetu: kama ungeiuza hata usingepunguzwa kazi, iuze. Na nunua ile ndogo kwanza, hata kiwanja chenye msingi, kabla ya kukata tiketi. Bei za viwanja hazitakusubiri.

Nimwachie nani usimamizi, na kwa karatasi gani?

Hati ya uwakala iliyoandikwa na mwanasheria, na iwe finyu. Itaje jina moja, nyumba moja, na kazi zake: kupokea kodi, kufanya matengenezo hadi kiasi fulani, kuwakilisha mbele ya sheha. Iandike wazi kwamba haijumuishi kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi, na itaje tarehe ya kumalizika. Nakala moja aipate sheha, moja mpangaji, moja abaki nayo mtu wa tatu mnayemwamini, ami au shangazi asiye na fungu katika nyumba hiyo. Ukirudi kabla ya tarehe, ifute kwa maandishi na wote watatu wapewe barua.